Kapu la Shangazi Feredina

Dezire alimaliza kula, akanawa mikono kwenye beseni, akajifuta kwenye suruali, ndipo akasema kilichomtoa kwao Burundi hadi Mpanda. "Dada Odeta, mama amefariki. Tumeshamzika. Sasa naomba uje Musenyi useme neno moja tu mbele ya watu, basi, urudi zako." Alisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mimi na yeye ni mabinamu, mama yake alikuwa dada wa baba yangu, lakini hatukuwa tumeonana tangu ujana wetu. Nilikuwa nimempikia ugali na migebuka iliyokuja na gari la Karema, nikamketisha kwenye kiti changu kizuri, mwenyewe nikakaa kitandani, maana chumba ninachopanga ni kimoja na kinamtosha mtu asiyekaa sana mahali. Nikamuuliza ni neno gani. Alikuwa anatazama juu ya kabati, kwenye kapu langu la nyuzi na sindano, kapu dogo lenye mfuniko uliochongoka kama paa la msonge. "Lile ni la mama," akasema. Nikamwambia ndiyo, alinipa mwenyewe kwa mkono wake. Akatikisa kichwa polepole. "Basi neno lenyewe ndilo hilohilo."

Nilisikitika, kwa sababu Shangazi Feredina alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowakuta kwenye kilima kile. Lakini kabla ya huzuni ilikuja hasira, na ilikuja kutoka mbali, kutoka mwaka ule ambao sisi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba tuliambiwa tuchague: ama turudi Burundi walikotoka wazazi wetu, ama tuombe uraia wa Tanzania tulikozaliwa. Tangu mwaka ule sijatulia. Nimeuza vitenge kwenye mialo ya Karema, nimepanga Sumbawanga, nimekaa Mwese nikipanda na kushuka milima nyuma ya pikipiki na furushi la mitumba, na kila ninapohama watu huniuliza natafuta nini. Sijawahi kuwa na jibu la maana. Data, ndivyo tulivyomwita baba nyumbani, aliniita kiguu na njia tangu nikiwa msichana, na nadhani alikusudia iwe karipio. Ninachojua ni kwamba katika kila chumba nilichopanga, kitu cha kwanza kuingia ndani ni lile kapu, na kila nikilitazama huwa nasikia joto la aibu linapanda shingoni, hata nikiwa peke yangu.

Mwaka ule ulianzia kwenye chumba cha tumbaku. Kilikuwa chumba cha pembeni katika nyumba yetu ya matofali mabichi, hakina dirisha la maana, na mimi na Data tulikaa humo siku nzima tukichambua majani yaliyotoka kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, ya rangi hii huku, ya rangi ile kule. Harufu ilikuwa inaingia kwenye nywele, kwenye chakula, hata kwenye chai. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina miaka ishirini na ushee, na nilikuwa nimeshajaribu biashara ndogondogo sokoni Mpanda na kurudi nyumbani nikiwa nimeishiwa. Jioni Data alihamia sebuleni kupokea wazee wenzake, nami nikabaki na majani yangu nikiwasikiliza kupitia ukutani. Mwaka ule walikuwa na jambo moja tu.

"Itongo halina miguu," Data alisema. "Ulipoliacha ndipo lilipo."

"Halina miguu, lakini wenye miguu wameshalikalia." Huyo alikuwa jirani yetu, fundi baiskeli, mtu wa maneno makali. "Zakaria, kule siku hizi wanalima mpaka kizingitini. Ukitaka kutema mate unaomba ruhusa kwa mwenye shamba."

"Nyie endeleeni kufia kwenye moshi wa tumbaku."

"Na wewe nenda ukagombanie mgomba na mdogo wako. Tutakutumia rambirambi."

Wakacheka wote, na Data akacheka pia, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Itongo kwa Kirundi ni shamba la ukoo, lile ambalo baba huwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao. Sisi watoto tuliokulia kwenye Kiswahili tulipolisikia neno hilo tulifikiria matongo ya machoni. Kaka yangu Yohana aliwahi kumwambia Data mezani, "Hilo itongo lako ndilo linakuzuia usione mbele," akapigwa kibao ambacho hakukisahau. Mimi sikucheka. Mimi nililitaka lile itongo, sijui kwa nini, labda kwa sababu Katumba ni tambarare na mtu anayezaliwa kwenye tambarare huwa anasikia kwamba mahali penyewe hasa ni kule kwenye mwinuko.

Data hakutaka kuchagua kabla ya kujua. Kama fungu lake lilikuwepo, angerudi na sisi wote. Kama halikuwepo, angeomba uraia na kunyamaza. Kwenda mwenyewe hakuweza, goti lilikuwa limeharibika, na nadhani hata bila goti asingeweza, kwa jinsi alivyokimbia mauaji kule. Kwa hiyo ilibidi Yohana atumwe. Yohana alikuwa anachumbia binti wa Kifipa wakati huo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha tumbaku, akanyoosha kidole nje, akasema, "Data, mlima wangu mimi ni kile kichuguu pale. Nikikipanda naona nchi yangu yote." Akaondoka na baiskeli. Data akaendelea kuchambua majani. Baadaye kabisa, bila kuniinulia macho, akasema, "Wewe kiguu na njia, si unapenda kutembea?"

Ndivyo nilivyotumwa. Majuma yaliyofuata alinifundisha kilima. Alinifundisha kijito cha chini, mstari wa minyaa aliopanda babu kwenye mpaka, jiwe bapa ambalo wanawake walianikia mtama, njia ya kisimani na mahali inapopinda. Alinirudisha nyuma nikikosea, kama mwalimu wa kipaimara. "Mpaka wa juu?" Minyaa. "Wa chini?" Maji. "Nani yuko hapo?" Bonifasi, mdogo wako. "Utamwambia nini?" Zakaria anauliza fungu lake. "Basi. Usiongeze." Siku moja nikamuuliza, "Na wa kike hupewa nini?" Akasema, "Wa kike huolewa." Akachukua jani jingine. Nimerudi kwenye jani lile mara nyingi kichwani mwangu. Alikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja zaidi, na hakuisema.

Nilipanda treni hadi Kaliua, nikangoja pale treni ya Kigoma mpaka nikayajua majina ya wauza karanga, nikafika Kigoma, nikapanda gari la Manyovu, nikavuka mpaka. Upande wa pili kila mtu alinielekeza vizuri, na kila mtu alinielekeza kwingine, kwa sababu vilima vinavyoitwa Musenyi ni vingi kama akina Maria. Kwenye Musenyi ya kwanza bibi mmoja alinikumbatia akalia, akaniita mtoto wa Zakaria aliyepotea, akanipikia, akanilaza kwake. Nilikaa pale nikiona aibu kula, kwa sababu hapakuwa na kijito wala jiwe, wala mstari wowote wa minyaa. Nilipomwambia kwamba Zakaria wangu si Zakaria wake, alikasirika. "Utakuwa umesahau wewe," akasema. "Mtoto wa ugenini hajui hata baba yake." Niliondoka na maneno hayo mgongoni. Kirundi changu kilikuwa cha Katumba, nusu ya maneno ni Kiswahili kilichovaa viatu vya Kirundi, na kila nilipofungua mdomo watu walitabasamu kabla sijafika mwisho. Katumba nilikuwa Mrundi. Kule nikawa Mtanzania tangu salamu.

Musenyi yetu niliijua kabla sijaambiwa. Niliona jiwe. Niliona minyaa, imekuwa mirefu kama miti, na chini kabisa maji. Nilisimama njiani nikalia kama mtu mjinga, na wapita njia wakanipita wakisema pole. Halafu nikaona lingine ambalo Data hakunifundisha: kati ya minyaa na maji hapakuwa na sehemu tupu hata ya kuweka mkeka. Migomba, kahawa, maharage chini ya kahawa, mihogo chini ya migomba, na nyumba za watoto wa Bonifasi zimebanana kama meno. Fundi baiskeli alikuwa amesema kweli.

Baba mdogo Bonifasi alinipokea vizuri, na sitamsingizia. Sebule yake ilikuwa safi kuliko yetu, viti vina vitambaa vya kufumwa, ukutani pana kalenda ya zamani yenye picha ya ziwa. Alinisikiliza nilipomwambia, Zakaria anauliza fungu lake, akaitikia kwa sauti ya upole, akasema jambo kama hilo haliongelewi na watu wawili, tungoje bashingantahe, ndio wazee waamuzi wa kilima. Tukangoja. Leo mmoja ana harusi, kesho mwingine anaumwa, keshokutwa mvua. Kila asubuhi nilivaa gauni langu zuri, na kila jioni nikalivua. Sijawahi kuchoshwa na adabu kama nilivyochoshwa mahali pale. Laiti mtu angenifokea, ningejua pa kushika.

Chakula nilikula jikoni na Shangazi Feredina, na nilifurahi iwe hivyo. Mume wake alikuwa amefariki, nduguze mume wakamwondoa, akarudi kwao na mwanawe Dezire, ambaye mchana kutwa alikuwa akifyatua matofali ya watu. Bonifasi alimpa dada yake jiko alale humo. Jiko, si chumba. Kulikuwa na mafiga, kitanda cha fito, na mbuzi mchanga aliyefungwa kwenye mguu wa kitanda. Alipika maharage na ndizi kwa mawese, akanimegea ugali wa muhogo unaovutika, na huku tukingoja chungu kiive alisuka kapu. Alisuka muda wote niliokaa pale, kapu dogo la mfuniko, nami nikalisifia kila siku likikua. "Hiki ni igiseke," aliniambia, nikalirudia neno mpaka likakaa mdomoni. Shamba hakuwa nalo. Alilima kwa kibali cha kaka yake, mwaka huu hapa, mwaka ujao pale, popote atakapoonyeshwa.

Jioni moja nikiwa jikoni nilimsikia Bonifasi na mkewe upande wa pili wa ukuta wa matete.

"Ametumwa huyu," mke alisema. "Leo binti, kesho watakuja na lori zima."

"Najua."

"Mpe kitu basi, aende zake."

"Nitampa cha binti. Ataenda nacho wapi? Atarudi Tanzania, kitabaki hapahapa."

Shangazi alikuwa amesikia kama mimi. Aliinamia kapu lake, akaendelea kusuka, sindano inaingia na kutoka. Nilidhani wanazungumza juu ya kitenge.

Wazee walikuja hatimaye. Tulikaa uani, chungu cha pombe ya ndizi katikati na mirija imezama ndani, wanawake wamesimama kwenye mlango wa jiko. Bonifasi aliongea vizuri sana. Alisema fungu la Zakaria ni la Zakaria, hakuna anayebisha, ila mwenyewe aje alisimamie, au mwanawe wa kiume aje. Binti hasimami kwenye fungu la baba yake aliye hai. Wazee wakaguna kukubali. Nikahisi safari yote, treni na Kaliua na gauni la kila asubuhi, imemwagika chini kama maji ya kuoshea vyombo. Kisha Bonifasi akanigeukia akitabasamu. "Lakini hatumwachi mtoto wetu aende mikono mitupu. Tumekubaliana tumpe igiseke."

Kapu! Nilimwona mtu mzima mwenye kahawa na migomba na nyumba za wanawe, ameniweka majuma kadhaa, ameita wazee wa kilima kizima, na sasa ananipa kapu, tena kapu lisilo lake, kapu la mjane anayelala na mbuzi. Nilisimama, nikajizuia nisitukane, nikasema kwa Kirundi changu cha Katumba: "Ni ica shangazi. Nimukimuhe." Ni cha shangazi, mpeni mwenyewe. Hata neno la shangazi nililisema kwa Kiswahili, la Kirundi lilinipotea kwa hasira. Mzee mmoja akautoa mrija mdomoni. "Rudia, mwananje," akasema, yaani mwanangu. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, nikimnyooshea Shangazi Feredina kidole ili wasije wakajifanya hawakuelewa. Yeye alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mzee akawageukia wenzake: "Mmesikia? Kimetoka kwa Odeta, kimeingia kwa Feredina." Wakapiga makofi. Bonifasi alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki, nami nikafurahi, nikadhani ni aibu. Nakumbuka hata nilijiambia, watu hawa kweli wana mambo, kapu tu wanalifanyia kikao.

Asubuhi Shangazi alinisindikiza hadi barabarani, begi langu kichwani mwake, hakutaka nilibebe. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika aliliweka begi chini, akatoa lile kapu kwenye upande wa kanga yake, limekamilika, na mfuniko wake, akaliweka mikononi mwangu na kuifunika mikono yangu kwa yake. "Mwananje," akasema, "ulijua?" Nikamjibu, "Nilijua, Shangazi. Nilijua ni lako." Akalia. Nami nikalia kidogo kwa sababu alilia. Gari likaja.

Data alinikuta nimekaa kwenye chumba cha tumbaku, sijabadili hata nguo. Nilimweleza yote kwa mpangilio, minyaa, jiwe, maji, msongamano, maneno ya Bonifasi. Alivumilia mpaka nilipomaliza habari ya fungu. Halafu akaona kapu. "Na hicho?" Nikamwambia kwa dharau, ndicho walichotaka kunipa mbele ya wazee, igiseke, nikakataa, nikasema apewe Shangazi Feredina mwenyewe, naye baadaye akanipa kwa hiari yake. Mkono wa Data ulisimama juu ya majani. "Walisema wanakupa igiseke? Bonifasi mwenyewe? Mbele ya bashingantahe?" Nikasema ndiyo. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu sikujua tena ni lipi. "Mwananje, igiseke si kapu. Ni kipande cha itongo anachopewa binti. Kwetu kilikuwa kule chini, kando ya maji, penye udongo mweusi. Wanakiita kapu kwa sababu binti huja kuchukua mazao kwa kapu. Ungesema asante tu, tungekuwa na mguu Musenyi."

Nilimuuliza kwa nini hakunifundisha neno hilo, yeye aliyenifundisha mpaka njia ya kisimani inapopinda. Alinijibu mara moja, bila kufikiri, na ndiyo maana najua ni kweli: "Sikudhani siku moja ningekutuma wewe."

Alichagua uraia. Hakusema ni kwa sababu yangu, na hakusema kwamba si kwa sababu yangu. Yohana aliisimulia habari ya kapu kwenye harusi yake, fundi baiskeli akaibeba makazi mazima, na kwa muda mrefu watoto wa Katumba waliniita Dada Kapu, wakinikimbilia na vikapu vya mama zao: "Dada Kapu, shika shamba lako!" Nikahama. Data alifariki miaka mingi baadaye, akazikwa Katumba, akiwa raia, mwenye kichuguu kama sisi wote. Siku ya maziko yake nilikaa pembeni nikigombana naye moyoni kwa sentensi ile moja. Nimewahi kugombana pia na wazee wale. Hivi kweli hakuna hata mmoja aliyeona kwamba msichana huyu haelewi? Lakini nani anamweleza mtu mzima maana ya maji?

Haya yote Dezire aliyajua kwa upande wake. Alinieleza sasa, sahani bado zipo sakafuni, kwamba mama yake alikilima kile kipande cha bondeni tangu siku ile. Alipanda migomba, kisha kahawa. Dezire akajenga hapo, akaoa, akazaa, na hapo ndipo walipomzika Shangazi. Bonifasi ni mzee sana, hatoki kitandani. Wanawe ndio waliokuja baada ya matanga. Wanasema igiseke kile hakikuwahi kutolewa kwa Shangazi, kwa sababu msichana wa Tanzania hakujua alichokisema. "Wanakuigiza, dada," Dezire akasema, akajaribu kutabasamu. "Ni ica shaaangazi. Wanasema, mtu asiyeweza hata kumtaja shangazi yake kwa Kirundi, atajuaje igiseke? Wazee waliokuwepo wamebaki wawili. Wamesema Odeta aje, aseme mwenyewe kama alijua."

"Na nikisema sikujua?"

Alinitazama moja kwa moja. Nampa sifa kwa hilo. "Basi ni kama kikao kile hakikuwepo. Kitakuwa bado ni chako, kwa sababu walikupa, na wewe hukukielewa ukakikataa. Wao wanadhani hutakuja kukidai, kwa hiyo watakichukua. Lakini ukikidai, wazee watakupa. Nimekuja nikilijua hilo."

Nilitoka nje kumpigia Yohana, ambaye siku hizi analima mpunga Mwamkulu na ana wajukuu wa Kifipa. Nilisikia maji na ndege nyuma yake. Hakunipa nafasi ya kumaliza. "Sema hukujua! Si ndiyo kweli yenyewe? Nani atakushitaki kwa kusema kweli? Odeta, umetangatanga maisha yako yote kwa ajili ya kile kipande."

"Dezire amejenga pale. Shangazi kazikwa pale."

"Na Data kazikwa wapi?" akasema. "Kwenye tumbaku."

Nilibaki uani na simu mkononi, watoto wa mwenye nyumba wanacheza rede. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Maisha yote nimekuwa nasema nilikuwa mjinga, nimelisema wakati watu wanacheka, nimelisema kabla wao hawajalisema, na sasa neno hilo lilikuwa limegeuka ufunguo. Ningeenda Musenyi, ningesema kitu ambacho hata watoto wa Katumba wanakijua, kwamba Dada Kapu hakujua, nami ningepewa udongo mweusi kando ya maji. Hakuna aliyewahi kuniwekea kweli nyepesi namna hiyo mkononi. Na upande wa pili kulikuwa na uongo, ambao faida yake ni ya mtu mwingine.

Niliporudi ndani Dezire alikuwa amesimama kwenye kabati. Hakuwa ameligusa kapu, alikuwa amelikaribia tu. "Mama alinisimulia kila mwaka siku ya kupanda," akasema bila kugeuka. "Kwamba alikuuliza barabarani. Kwamba alitaka kukueleza, akaogopa, mwisho akakuuliza tu, ulijua? Na wewe ukamjibu nilijua, Shangazi, nilijua ni lako. Alisema kama usingejibu hivyo angekurudisha kwa wazee palepale, hata kama angebaki kwenye lile jiko." Akageuka. "Mimi sijali wao wanasema nini. Nakuuliza mimi. Ulijua?"

Nilimwona Shangazi na begi langu kichwani, na njia nzima aliyokaa kimya, na kwa mara ya kwanza nikaelewa alikuwa anabeba nini. Aliniuliza. Katika watu wote wa mwaka ule, wenye itongo na wasio nalo, ni yeye tu aliyenidhania kwamba huenda sijui, akajisumbua kuniuliza. Nami nilimjibu.

"Nilijua," nikasema.

Dezire alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliminya macho kwa vidole, akavuta pumzi, kisha akawa fundi tena, mtu wa kazi. "Sawa. Sasa pale hutasema kwa Kiswahili. Useme kwa Kirundi safi, wasipate pa kukamata. Sema: Nari nzi ico mvuga."

Maana yake, nilijua nilichokuwa nasema. Niliyarudia maneno hayo nikiwa nakusanya sahani, na masikioni mwangu yalikuwa sawasawa kabisa.

Dezire akatikisa kichwa. "Unayavuta kama wa Katumba. Wakisikia hivyo tumekwisha. Rudia."

Nikaweka sahani chini. Nikarudia.